Mbio za mitumbwi za familia Bukavu: kanuni, usalama, na sababu gani Ruzizi haifai

Bukavu ni mji wa maji. Ukisimama juu, upande wa Kadutu ao Bagira, unaona peninsula tano zinaingia ndani ya ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na katikati yake mitumbwi inapita toka asubuhi. Wavuvi wa sambaza wanarudi, wamama wanavuka na mizigo ya soko, vijana wanajifunza kupiga kafi. Wakati wa vakansi, na zaidi siku za sikukuu kama tarehe 30 Juni ao tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, wazo la mbio linakuja lenyewe: baba, mama na watoto ndani ya mtumbwi mmoja, familia hii inashindana na ile, na majirani wanapiga kelele pale ukingoni.

Ni furaha nzuri, na haiombi pesa nyingi. Lakini mbio ya familia haifanani na mbio ya wavuvi. Wavuvi wenye nguvu wakianguka ndani ya maji, wengi wao wanajua la kufanya. Mtoto wa miaka 8 na shangazi yake ambaye hajawahi kuogelea hawajui. Ndiyo sababu kanuni zote zinazofuata hapa zinatoka katika wazo moja: kila kitu kinapimwa kwa mtu aliye dhaifu kuliko wote ndani ya mtumbwi, si kwa yule hodari anayekaa nyuma.

Ziwa limekwisha kutoa onyo. Mwezi wa Aprili 2019 chombo kilizama upande wa Kalehe na zaidi ya watu 100 hawakuonekana tena. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe na kuagiza kila msafiri wa ziwa avae jile, lile jaketi la kuokolea maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa, wakati watu wa bandari wanaangalia. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Wale hawakuwa kwenye mchezo, walikuwa safarini. Lakini uzito kupita kiasi, jile kukosekana na ukingo unaoonekana kuwa karibu ni mambo yanayoweza kuua vilevile siku ya mbio.

Mto Ruzizi: hapana

Ukisema mbio ya mto kwa mtu wa Bukavu, atafikiri mara moja Ruzizi. Ndiyo mto mkubwa wa hapa. Unaanzia mjini kwenyewe, pale maji ya Kivu yanapotoka kati ya Bukavu na Rusizi ya Rwanda, kisha unashuka kusini mpaka ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Safari yake inapita kilomita 100.

Tazama sasa mteremko. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1.460 hivi juu ya bahari, Tanganyika iko kwenye mita 770 hivi. Maji yanashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko hapa juu, katika mabonde membamba, kabla ya kufika Kamanyola ambako uwanda unafunguka. Maji ya namna hiyo yanakimbia kati ya mawe. Mtumbwi wa mti mmoja, wenye tumbo la mviringo, hauwezi kugeuka humo, na familia haiwezi kuusimamisha.

Kisha kuna mabwawa ya umeme. Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kilomita chache tu toka mdomo wa ziwa. Ruzizi II, chini yake, imefanya kazi toka 1989. Kila mtu wa Bukavu anajua shida ya Ruzizi I: chupa za plastiki na takataka zinazotupwa ndani ya mitaro ya mji zinaingia ziwani, zinasukumwa polepole, na mwisho zinakwama pale kwenye mashine za umeme. Wafanyakazi wanazitoa, na siku ya pili nyingine zimefika. Chupa ile haina mtu anayeisukuma. Inafuata tu njia ya maji. Mtumbwi uliopoteza kafi, ao mtoto mwenye jile lakini hana wa kumshika, atafuata njia ileile. Karibu na mdomo wa Ruzizi maji yanaonekana kama yamelala, na ndipo yanadanganya, sababu mvuto wake unaanza taratibu.

Huko chini, katika uwanda wa Ruzizi mpaka Uvira, maji yanatulia kidogo, lakini kuna viboko na mamba. Ziwa Kivu linajulikana kwa kukosa wanyama hao. Na sababu ya mwisho ni mpaka: Ruzizi inatenganisha inchi, na mtumbwi uliosukumwa upande wa pili unaweza kuleta kesi kubwa kuliko mbio yenyewe.

Kwa hiyo jibu ni fupi. Mbio ya familia ya Bukavu ifanywe ndani ya ghuba ya ziwa, mbali na mdomo wa Ruzizi. Kama wazee wanapenda kuiita mbio ya mto juu ya desturi, jina libaki, lakini maji yawe ya ghuba.

Kuchagua mahali

Ghuba nzuri ina mambo manne. Imefichwa na upepo. Ina ukingo wa kushukia ambapo mtoto anaweza kutembea ndani ya maji bila kuingia kwa ghafla kwenye kina, sababu kingo nyingi za Kivu zinashuka kama ukuta. Haiko kwenye njia ya meli na kano rapide za Goma. Tena ina barabara ya gari mpaka karibu na maji. Hili la mwisho ni gumu Bukavu, kwa kuwa kando ya ziwa nyumba na kuta zimefunga njia nyingi. Lakini bila barabara mgonjwa atabebwa mgongoni kupanda mlima, na dakika zinapotea.

Mawimbi ya chombo chenye mota yanaweza kujaza mtumbwi maji hata kama chombo kimepita mbali. Waandaaji waende bandarini siku mbili mbele, waulize saa za meli kuingia na kutoka, wapange mbio katikati ya saa hizo.

Mstari wa mbio usielekee katikati ya ziwa. Ufuate ukingo, mtumbwi wa mbali zaidi usipite mita 50 ao 60 toka inchi kavu. Kwa familia, mita 300 zinatosha. Ni kama dakika tatu ao nne za kupiga kafi, na watoto wanafika wakiwa na nguvu ya kucheka. Alama zifanywe na bidoni za njano zilizofungwa kwenye jiwe kwa kamba. Kila mtumbwi upate njia yake ya mita 10 upana.

Kuna swali ambalo wazazi wanauliza kila mara: na gaz ya ndani ya ziwa? Ni kweli Kivu ina gaz metani na gaz karboni nyingi, lakini maji yenye gaz hiyo yamelala chini sana, zaidi ya mita 260, katika sehemu kubwa ya ziwa upande wa kaskazini. Ghuba za Bukavu ziko kwenye bonde la ziwa lisilo na kina kama hicho. Linafika mita 100 hivi. Gaz si hatari ya siku ya mbio. Hatari ni upepo, uzito na kukosa jile.

Kuchagua saa

Asubuhi, ziwa huwa limetulia. Mchana upepo unaamka, na mawimbi madogo ambayo mvuvi hayahesabu yanaweza kuingia ndani ya mtumbwi wa familia. Kwa hiyo mbio ianze saa mbili asubuhi, na mtumbwi wa mwisho uwe umetoka majini mbele ya saa tano. Sherehe, zawadi na chakula vifuate ukingoni.

Kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, ndicho kipindi kizuri. Hakuna mvua nyingi, ila upepo wa kusini unaweza kuwa mkali. Wakati wa mvua, toka Septemba mpaka Mei, hatari kubwa ni radi. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi, na juu ya ziwa kichwa cha mtu ndiyo kitu kirefu kuliko vyote. Kanuni ni moja: ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama jua linawaka, mitumbwi yote inarudi. Haianzi tena mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo nyingine.

Mtu mmoja tu apewe mamlaka ya kusimamisha mbio, na asiwe yule aliyetoa pesa ya zawadi. Mvuvi mzee wa ghuba ile ndiye anafaa. Akisema leo hapana, ni hapana, hata kama wageni wa heshima wamekwisha kukaa kwenye viti.

Mtumbwi wenyewe

Wavuvi wa sambaza wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na ndiyo sababu vyombo vyao vinasimama imara usiku kucha na nyavu na taa. Mtumbwi mmoja peke yake haufanani na vile. Ni mwembamba, na mtu mmoja akisimama kwa ghafla unalala ubavu. Kwa familia, kufunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti miwili mizito ni wazo zuri sana. Mbio inakuwa ya polepole kidogo, lakini chombo hakipinduki kirahisi. Kama familia moja imefungiwa hivyo, familia zote zifungiwe hivyo, ili mashindano yawe ya haki.

Siku moja mbele ya mbio, kila mtumbwi upite mitihani mitatu.

Mtihani wa kwanza ni wa nyufa. Uachwe majini usiku mmoja. Ukikutwa asubuhi na maji mengi ndani, haushindani.

Mtihani wa pili ni wa uzito. Watu wote wa familia waingie, ukingoni, na mtu apime nafasi kati ya maji na mdomo wa mtumbwi pale palipo chini zaidi. Ipatikane shibiri moja ya mtu mzima. Ikipungua, mtu mmoja ashuke. Hapa hakuna kuombana ruhusa juu ya undugu.

Mtihani wa tatu watu wengi wanausahau: mtumbwi ujazwe maji kabisa, pale ambapo maji yanafika kiunoni, na watu waushike. Mti mzuri utabaki unaelea hata ukiwa umejaa. Ukizama ao ukishindwa kubeba watu walioushika, zifungwe bidoni tupu mbele na nyuma, kwa kamba nzito, na vifuniko vyake vikazwe. Bidoni ya lita 20 iliyofungwa vizuri inabeba karibu kilo 20 juu ya maji. Hiyo ni msaada kwa mtumbwi. Haiwezi kushika nafasi ya jile ya mtu.

Ndani ya kila mtumbwi viwekwe kafi moja ya akiba na chombo cha kuchotea maji kilichofungwa kwa kamba. Nyavu, mawe na mizigo mingine vibaki nyumbani.

Jile: hakuna jile, hakuna mbio

Kanuni hii haina mlango wa nyuma. Kila mtu anayekanyaga ndani ya mtumbwi anavaa jile, toka babu mpaka mtoto, toka anayejua kuogelea mpaka asiyejua. Mtu anayejua kuogelea akigongwa kichwa na kafi, hajui tena.

Jile ina kipimo chake, kimeandikwa ndani kwa kilo na kwa nyutoni. Jile ya nyutoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Ya nyutoni 100 ni ya maji yaliyofichwa na upepo, na ndiyo ya chini inayofaa kwa mtoto ao kwa asiyejua kuogelea. Jile ya mtu mzima haifai kwa mtoto, hata ikivutwa mikanda yote. Mtoto anateleza chini, jile inabaki juu peke yake.

Jile ikaguliwe hivi. Mtoto avae, mikanda yote ifungwe, na ule wa katikati ya miguu pia. Ainue mikono. Mtu mzima ashike jile pale mabegani aivute juu. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. Kisha mtoto aingie majini, pale wazazi wanaposimama, na alale chali. Uso ubaki nje ya maji bila yeye kufanya kazi. Mtihani huu una faida mbili: unaonyesha kama jile ni nzima, na mtoto anajua mbele ya wakati namna inavyomshika. Wengi wanaogopa zaidi mara ya kwanza jile inapowasukuma usoni.

Kwenye masoko kuna jile zilizojazwa sponji ya kawaida, ile ya matandiko. Inakunywa maji na kuwa mzigo. Jile ambayo haijulikani ilikotoka iwekwe ndani ya maji na jiwe juu yake kwa saa moja. Ikitoka nzito, itupwe. Kama jile za kutosha hazipatikani, suluhisho si kuwapa watoto tu na kuwaacha wazazi. Mbio zifanywe kwa zamu, jile 20 zikitumiwa na kundi moja kisha na lingine.

Nani anaingia

Mtumbwi wa familia ubebe watu wanne ao watano tu. Kila mtoto wa chini ya miaka 12 awe na mtu mzima wake, aliyetajwa kwa jina, ambaye kazi yake ya kwanza ni mtoto yule, siyo kafi. Wakianguka, mtu mzima hatafuti kafi wala simu. Anatafuta mtoto wake. Mtu mzima mmoja hapewi watoto wawili.

Watoto wa chini ya miaka 6 wabaki ukingoni. Wao wanaweza kuwa na mbio yao ya kuchota maji ao ya kukimbia mchangani. Anayekaa nyuma na kuongoza mtumbwi awe mtu mzima aliyezoea maji. Mtu mwenye kifafa ao ugonjwa wa moyo aulize daktari mbele ya kuandikishwa, na mtu asione haya kusema.

Pombe ni hapana, kwa wote wanaoingia majini na kwa wote wenye kazi ya kulinda. Primus na kasiksi zinangoja mpaka mtumbwi wa mwisho umefungwa. Siku ya sikukuu jambo hili linaombwa kwa ukali zaidi, sababu wengine wameanza toka usiku.

Ndani ya mtumbwi watu wanakaa chini ao wanapiga magoti. Hakuna kusimama, hakuna kubadilishana nafasi, hakuna kufunga mtoto kwa kitenge mgongoni ao kwa kamba kwenye mtumbwi. Mtumbwi ukipinduka, kitenge kile kinamzuia mtoto kuelea. Mabuti na makoti mazito yaachwe.

Namna mbio inavyoendeshwa

Mbio za mitumbwi si jambo geni katika maziwa ya kwetu. Katika Buganda, koo zinashindana kwenye ziwa Victoria mbele ya Kabaka. Mwanza, Tanzania, kumekuwa na mbio za mitumbwi zilizojulikana kwa jina la Balimi, wanaume kwa zamu yao na wanawake kwa zamu yao. Mashindano ya aina hiyo ni ya watu wa kazi ya maji, waliozoea kupiga kafi kwa nguvu zote. Familia zinaweza kuchukua kelele na ngoma zao, siyo mwendo wao.

Mitumbwi itoke minne kwa zamu moja, isizidi. Walinzi wanaweza kuangalia mitumbwi minne. Kumi hawawezi. Ianze ikiwa imesimama ndani ya maji, mmoja kwenye kila njia, na siyo kwa watu kukimbia toka ukingoni na kurukia ndani. Kurukia ndiko kunakopindua. Mbio iwe mstari mmoja bila kuzunguka alama, sababu mitumbwi inapogeuka mahali pamoja inagongana.

Filimbi zina lugha yake, na kila familia ifundishwe mbele. Mlio mmoja mrefu: anza. Milio mitatu mifupi: simama, weka kafi juu ya magoti. Milio isiyokatika: rudini wote ukingoni.

Makosa ni machache na adhabu yake inajulikana. Kugonga mtumbwi wa wengine, kumwagia maji usoni, kusukuma kwa kafi, kufungua jile: familia inatolewa. Mtu akisimama ndani ya mtumbwi, mlinzi anapiga filimbi mara moja. Akirudia, familia inatolewa.

Na kuna kanuni mbili za ushindi ambazo ni lazima zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Ya kwanza: mtumbwi haujafika mpaka watu wote waliotoka nao wamefika nao. Ukifika na mtu mmoja pungufu, hata kama alishuka mwenyewe na yuko salama, hauhesabiwi. Ya pili: familia inayosimama kusaidia familia nyingine iliyopinduka haipotezi chochote. Inapewa nafasi ya kukimbia tena. Hii haikubuniwa Bukavu. Katika kanuni za kimataifa za mashindano ya mashua za tanga, kanuni ya kwanza kabisa ni kumsaidia aliye hatarini, na chombo kilichosaidia kinaweza kurudishiwa haki yake. Bila kanuni hiyo baba mmoja atapita karibu na mtoto wa jirani, akifikiri walinzi watamwona.

Walinzi na uokoaji

Kwa mitumbwi minne vinatakiwa vyombo viwili vya ulinzi. Kimoja ni mtumbwi wa wavuvi wawili hodari unaofuata nyuma, karibu. Cha pili kina mota, kinakaa upande wa ziwa, kimewashwa na tayari. Chombo cha mota kisikaribie watu walio ndani ya maji mpaka mota imezimwa, sababu panga lake linakata. Ukingoni wawepo watu watatu wenye kamba za mita 15 ao 20, kila kamba imefungwa bidoni ndogo mwishoni ya kurushia.

Watu walio ndani ya mtumbwi uliopinduka wafanye mambo matatu, kwa mpangilio huu. Kila mtu mzima ashike mtoto wake. Wote washike mtumbwi, hata kama umejaa maji. Wahesabiane kwa sauti. Wasijaribu kuogelea mpaka ukingoni, hata kama wanauona karibu. Ukingo unaonekana karibu kuliko ulivyo, na mlinzi anaona mtumbwi mrefu kwa urahisi kuliko vichwa vinne vilivyotawanyika.

Majirani walio ukingoni wasijirushe. Kila mwaka, duniani kote, wapo watu wanaokufa wakimfuata anayezama, kwa kuwa anayezama anamshika yeyote na kumkandamiza chini. Kwanza mnyoshee fimbo ao kafi. Ikishindikana, mrushie kamba ao bidoni. Ikishindikana, nenda na chombo. Tena ijulikane kwamba mtu anayezama hapigi kelele. Mdomo wake uko kwenye maji, mikono inasukuma chini, anaonekana kama anayepanda ngazi isiyokuwepo. Mtoto aliyenyamaza ghafla ndiye wa kuangalia kwanza.

Aliyetolewa akiwa hapumui, apewe pumzi kwanza, sababu shida yake ni hewa. Mafunzo ya Ulaya juu ya watu waliozama yanasema pumzi 5 za kuanzia, kisha kusukuma kifua mara 30 na pumzi 2, bila kuacha, mpaka apumue ao daktari afike. Tumbo lisikandamizwe ili kutoa maji, na mtu asininginizwe miguu juu. Hiyo inapoteza wakati na inaleta matapishi ndani ya mapafu. Aliyepumua tena apelekwe hospitali hata kama anasema amepona, sababu mapafu yanaweza kuharibika saa chache nyuma. Gari liwe limesimama pale toka mwanzo, limeelekea barabarani, na dreva wake hajanywa.

Ruhusa na orodha

Mbio yoyote yenye watu wengi inahitaji ruhusa ya viongozi wa commune na wa mji, na huduma inayosimamia usafiri wa ziwa, commissariat lacustre, ijulishwe. Walinzi wa ziwa wajue tarehe, saa na mahali, ili wasishangae kuona mitumbwi mingi pamoja. Msalaba Mwekundu uombwe mapema kutoa watu wa huduma ya kwanza. Mstari wa mpaka ndani ya maji uheshimiwe kwa mbali sana.

Kazi ya mwisho ni ndogo, na haina gharama: orodha. Kila mtumbwi una nimero iliyopakwa rangi ubavuni. Kwenye daftari, mbele ya kila nimero, kunaandikwa majina, miaka ya kila mmoja, jina la mtu mzima wa kila mtoto, na simu ya ndugu aliyebaki ukingoni. Mtu mmoja anahesabu watu wakiingia. Mtu mwingine, siyo yule, anahesabu wakitoka. Hesabu mbili zikifanana, zamu inayofuata inatoka. Zisipofanana, hakuna ngoma, hakuna matokeo, mpaka aliyepungua apatikane, hata kama mwishoni ni mtoto aliyekimbilia nyumbani kula.

Kwenye ajali za ziwa Kivu, mara nyingi kitu kinachoumiza familia kwa muda mrefu ni kutojua nani alikuwa ndani. Vyombo vinaondoka bila orodha kamili, na kisha watu wanabishana juu ya hesabu ya waliokufa wakati wazazi wanazunguka ukingoni. Mtoto aliyeona kwenye mbio ya mtaa wao kwamba mtumbwi hauondoki bila jile na bila jina lake kuandikwa, siku moja atapanda meli ya Goma na kuuliza mambo hayohayo.

Kwa kifupi

Mahali: ghuba iliyofichwa na upepo, mbali na mdomo wa Ruzizi na njia ya meli.

Saa: toka saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Ngurumo ya kwanza, wote nje.

Umbali: mita 300 kufuata ukingo, mstari mmoja, mitumbwi minne kwa zamu.

Watu: wanne ao watano kwa mtumbwi, mtu mzima mmoja kwa kila mtoto wa chini ya miaka 12, hakuna wa chini ya miaka 6.

Jile: kwa kila mtu, ya kipimo chake, imejaribiwa majini.

Mtumbwi: shibiri moja juu ya maji, unaelea hata ukijaa.

Ulinzi: vyombo viwili, kamba tatu, gari moja, pombe hapana.

Ushindi: unahesabiwa wote wakifika pamoja.